Mtahiniwa Namba 31

Sehemu ya tisa

Kitasa kilizunguka hadi mwisho, mlango ukafunguka.

Najua, msomaji, wiki nzima umemwacha Mwalimu pale mezani, peni nyekundu mkononi, jasho likimtiririka mgongoni, na mimi nimetukanwa vya kutosha kwenye barua zenu. Basi tusicheleweshane. Hakuingia muuaji. Aliingia Bwana Muhuri.

Bwana Muhuri ni karani wa mitihani wa chuo. Jina hilo alipewa na wanafunzi, wanaosema hata ukimpa salamu anatafuta kwanza pa kuigongea muhuri.

"Saa nane kamili, Mwalimu," alisema, bahasha kubwa kwapani. "Nimekuja kuchukua karatasi zangu."

Mwalimu aliifunika ile karatasi kwa viganja vyote viwili.

Kwa aliyeikosa wiki iliyopita, mambo ni haya. Mwalimu ni mama wa miaka hamsini na miwili, anafundisha mambo ya uhalifu na haki, na darasa linamwita Mama Jela kwa kuwa ameingia gerezani mara nyingi kuliko wezi wengi. Miaka ishirini amekaa na wafungwa, kinasa sauti mezani, akiwauliza wamefikaje pale. Mia tatu na kumi na wawili mpaka sasa. Mwalimu alimpa kila mmoja ahadi moja: jina lako halitatoka kinywani mwangu. Kwenye maandishi yake yote watu ni namba na herufi, na majina yao yamelala kwenye kabati la chuma ambalo ufunguo wake anatembea nao shingoni.

Mmoja wa wafungwa hao ni Fundi Saa. Huyu anatumikia kifungo cha maisha, mwaka wa kumi na moja sasa, kwa kosa la kumuua dada yake. Polisi walimkuta nje ya nyumba ya marehemu, damu kwenye shati, na mahakamani akashindwa kueleza saa moja nzima alikuwa wapi. Mwalimu aliamini tangu siku ya kwanza kwamba mtu yule hakuua. Lakini imani si ushahidi, na rufani ilitupwa.

Akamtumia darasani kuwa mfano. Na kama wafanyavyo watafiti wote waaminifu, alibadilisha mambo ili mtu wake asijulikane. Fundi saa akamfanya seremala. Dada mshonaji akawa jirani muuza dawa. Pasi iliyomvunja yule mama kichwa ikawa nyundo. Wanafunzi arobaini na wawili walisikia habari za seremala, jirani na nyundo, wakaziandika kwenye madaftari.

Katika mtihani, wanafunzi arobaini na mmoja waliandika seremala, jirani na nyundo. Mtahiniwa namba 31 akaandika fundi saa, dada mshonaji, na pasi.

Halafu akaongeza mstari huu: "Redio ilikuwa ikisoma taarifa ya habari, na aliyeua aliizima kabla ya kutoka."

Redio hiyo haimo kwenye hukumu wala kwenye kanda. Fundi Saa mwenyewe hajawahi kuitaja, kwa sababu alipofika dada yake ameshakata roho na nyumba iko kimya. Aliyeijua redio ile ni mtu aliyekuwa ndani ya chumba kile, na mtu huyo alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu.

Mwalimu akimpata mtu huyo, Fundi Saa atarudi nyumbani kwake. Mtu huyo akimpata Mwalimu kwanza, hayo mengine maliza mwenyewe.

"Karatasi, Mwalimu," alirudia Bwana Muhuri.

"Kaka yangu, nataka jina la huyu. Namba 31."

Bwana Muhuri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Jina? Kabla ya alama kupita?"

"Ni dharura."

"Mwalimu, mwaka juzi mkuu wa kitivo aliniomba jina la mtoto wa rafiki yake, nikamwambia alama kwanza. Alininunia muhula mzima. Namba ndiyo kinga ya mwanafunzi. Tena aliyeipigania namba hii kwenye kikao ni wewe, au kumbukumbu yangu imezeeka?"

Kumbukumbu yake haikuwa imezeeka. Ni Mwalimu aliyesimama kwenye kikao kile akasema kwamba mtu husema kweli pale tu anapojua hatajulikana. Walimpigia makofi.

"Nikikupa alama sasa hivi?"

"Utasaini, nitagonga muhuri, kamati itakaa Jumatatu. Majina Jumatano."

"Jumatano nitakuwa nimekufa."

Alisema kwa sauti ndogo, bila utani, na ndipo Bwana Muhuri alipoitazama ile mikono yake. Ilikuwa imeibana karatasi mpaka kingo zikakunjika. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ofisi ya mwalimu yeyote.

"Kuna kanuni ya kumi na nne," alisema taratibu. "Likiwa jambo la jinai, rejesta inafunguliwa siku hiyohiyo. Lakini niletee barua ya polisi. Bila polisi, hata ukilia hapa mpaka jioni, nitakuletea maji tu."

Polisi. Hapo ndipo pagumu.

Darasa lile la Jumamosi si la watoto. Ni la watu wazima walioajiriwa wanaotafuta cheti kikubwa zaidi. Kuna polisi watano. Kuna askari magereza wawili. Kuna karani wa mahakama, kuna hakimu, kuna mwanasheria wa serikali, na vijana wachache waliotoka shule moja kwa moja. Watu wote ambao raia angewakimbilia wamekaa mbele ya Mwalimu kila wiki na peni mkononi. Na mmoja wao ni namba 31. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wahenga walivyosema, na Mwalimu sasa aliuhisi mdomo wa huyo mdudu.

Kwa nini mtu ajitaje mwenyewe? Swali hilo Mwalimu alikuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa somo lake mwenyewe la saba. Mhalifu anayerudi. Yupo mhalifu asiyeweza kukaa mbali na kazi yake: anakwenda mazikoni, anamuuliza mpelelezi wamefikia wapi, anaacha alama kwa yule anayeona anastahili kuijua. Somo hilo amelifundisha miaka kumi na saba bila kutetemeka hata kidole. Leo anatetemeka mwili mzima. Mganga hajigangi.

Simu ikalia. Nusura aanguke kitini.

"Mwanangu, umekula?" Alikuwa mama yake, anayekaa naye, umri umekwenda lakini masikio mazima.

"Bado, Mama. Sikiliza. Funga mlango wa mbele na wa jikoni. Usimfungulie mtu."

"Hata mtu wa umeme?"

"Hata huyo."

"Amekuja asubuhi, nimeshamfungulia, ameshaondoka. Kuna nini? Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Mama, funga tu. Nakuja."

Alikata simu. Mtu wa umeme. Kila kitu sasa kilikuwa na meno. Alijilazimisha kufikiri kama anavyowafundisha wengine wafikiri: anza na yule unayeweza kumwondoa.

Na alikuwepo mmoja wa kuondoa. Inspekta.

Inspekta alikuwa kiongozi wa darasa. Mtu wa makamo, mpole, humbebea Mwalimu projekta mpaka kwenye gari na hutoa pole hata mvua ikinyesha, utadhani yeye ndiye aliyeileta. Ndiye aliyeandika orodha ya mahudhurio kila Jumamosi, kwa hiyo hati yake Mwalimu aliijua: herufi kubwa, zimelala upande wa kulia. Hati ya namba 31 ilikuwa ndogo, ya duara, imesimama wima. Katika watu arobaini na wawili, huyu peke yake aliweza kumwapia kwamba hakuiandika karatasi ile.

Hesabu ilikuwa sahihi, msomaji. Wewe na mimi tungefanya hiyohiyo.

Akampigia.

"Afande, uko wapi?"

"Kituoni, Mwalimu wangu. Kulikoni?"

"Njoo ofisini kwangu. Usimwambie mtu. Kwenye karatasi zangu za mtihani kuna mtu aliyeua."

Upande wa pili kiti kilisogezwa.

"Nakuja," alisema Inspekta. "Usimpigie mwingine."

Alifika baada ya dakika kumi, kofia mkononi. Alimwamkia Bwana Muhuri kwa adabu, akafunga mlango, akachukua kiti. Mwalimu alimweleza yote: seremala na fundi saa, nyundo na pasi, redio. Alieleza vibaya, akirukaruka, akirudia. Inspekta hakumkatiza. Aliposikia neno pasi alinyoosha mkono.

"Naomba niione."

Alisoma polepole. Aligeuza ukurasa, akasoma, akageuza tena, mpaka wa mwisho. Kisha akarudi nyuma ukurasa mmoja akausoma mara ya pili. Uso wake haukubadilika, na Mwalimu alimshukuru Mungu kwa kumpa mtu mzima mwenye moyo mgumu.

"Umeisoma mpaka mwisho, Mwalimu?"

"Sikuweza. Nilipofika kwenye redio kitasa kikazunguka. Nimeishia hapo."

"Afadhali. Haya si mambo ya kukaa nayo kichwani." Alizikung'uta karatasi zikakaa sawa. "Nani mwingine ameisoma?"

"Wewe na mimi tu."

"Mimi sisomi majibu," alisema Bwana Muhuri. "Nahesabu kurasa. Ni sita."

Barua ya polisi iliandikwa palepale, mistari minne, herufi kubwa zimelala kulia. Bwana Muhuri aliisoma mara mbili, akaipima kwa macho kana kwamba ingeweza kuwa fupi kuliko inavyotakiwa. Kisha akawaongoza kwenye ofisi yake mwisho wa ukumbi, chumba chembamba chenye rafu mpaka darini na mashine ya kutoa nakala inayokohoa.

"Kwanza nakala," alisema.

"Nakala si lazima," alisema Inspekta. "Hiki ni kielelezo, mzee. Tunakichukua kama kilivyo."

"Chukua, afande. Lakini karatasi ya mtihani haitoki chuoni bila kuacha nakala. Angekuja jaji mwenyewe ningemwambia hivihivi."

Inspekta alitazama saa. Kwa mara ya kwanza Mwalimu alimwona amekasirika, kidogo tu, kwenye taya. Mashine ilikohoa mara sita. Inspekta akapewa karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni ndani ya koti.

Ndipo rejesta ikafunguliwa. Kidole cha Bwana Muhuri kilishuka ukurasa mzima, kikasimama.

Alikuwa yule binti wa dirishani.

Yule? Mwembamba, kitambaa cha rangi ya samawati kichwani, anakaa safu ya nyuma karibu na dirisha, hajawahi kuuliza swali muhula mzima. Darasa lilipotaniana yeye alitabasamu akiangalia meza. Mara moja tu alimfuata Mwalimu mlangoni kama mwenye neno, askari watatu wakapita wakicheka, akatikisa kichwa kwamba si kitu, akaondoka.

"Hata sauti yake siijui," alisema Mwalimu.

"Hao ndio wenyewe," alisema Inspekta. Alikuwa ananakili namba ya simu na chumba cha hosteli. "Somo la saba, Mwalimu wangu. Si umetufundisha mwenyewe?"

Maneno yake mwenyewe yalimrudia, akayakubali. Alitaka sana kuyakubali. Mtu aliyekaa na hofu tangu mchana humshukuru yeyote anayempa jina la kuogopa.

"Nenda nyumbani kwa mama," alisema Inspekta. "Simu ya binti huyo usipige, utamshtua akimbie. Niachie mimi. Kesho Fundi Saa atakuwa na habari njema."

Alitoka bila haraka. Alimshukuru Bwana Muhuri. Hata mlango aliurudisha taratibu.

Mwalimu aliegemea rafu akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu saa nane. Machozi yalimtoka na hakuyazuia. Miaka sita amekuwa akiandika barua kwa ajili ya mtu yule, na sasa, kwa dakika arobaini, mambo yamekwisha.

"Saini hapa, umepokea nakala," alisema Bwana Muhuri. Alikuwa bado ameinamia rejesta. "Mtoto mdogo sana huyu. Ametimiza ishirini mwezi uliopita. Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi hapa anazaliwa."

Mwalimu alisaini. Alifika hatua ya tatu kuelekea mlangoni ndipo hesabu ilipomfikia.

Ishirini. Toa kumi na moja.

Mtoto wa miaka tisa hawezi kuinua pasi ile ya chuma akampiga mtu mzima aliyesimama. Mwalimu aliwahi kuishika pasi hiyo kwa mikono yake, ikamuuma kifundo.

"Bwana Muhuri," alisema, "nipe kiti."

Aliisoma nakala akiwa ameinama, vidole vinapapasa mistari. Alianzia pale alipoachia, kwenye redio. Hati ndogo ya duara iliendelea bila kufuta hata neno moja, kwa lugha ileile kavu ya mtihani.

"Tuchukue mfano wa shahidi asiyeitwa. Shahidi huyu alikuwa na miaka tisa. Alikuwa chini ya meza ya kukatia vitambaa nyumbani kwa shangazi yake, kwa sababu alikuwa amevunja sindano ya cherehani na aliogopa kugombezwa. Kitambaa kilichoning'inia kilimzuia kuona uso wa aliyeingia. Aliona viatu. Vilikuwa vyeusi, vya kamba, na cha kushoto kilifungwa kwa kamba ya kahawia. Shangazi alisema: Kesho nakwenda kumwambia mkubwa wako. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho."

Mwalimu aligeuza ukurasa. Karatasi ilimtoka mkononi, akaiokota.

"Baba wa shahidi alimkuta mtoto chini ya meza. Alimbeba akampeleka kwa bibi yake upande wa pili wa mji, akamwambia: wewe hukuwepo, ulikuwa shuleni. Kwenda na kurudi ilikuwa saa moja. Mahakama ilimuuliza baba saa hiyo alikuwa wapi, hakujibu. Kwa hiyo mtu anaweza kufungwa si kwa sababu shahidi hakupatikana, bali kwa sababu shahidi alipendwa."

Bwana Muhuri, asiyesoma majibu, alikuwa amesimama nyuma ya kiti anasoma.

"Shahidi alipotimiza miaka kumi na minane, baba alimwambia gerezani jambo moja. Ile kamba ya kahawia aliiona siku ileile, chini ya meza ya kituo cha polisi, kwenye mguu wa askari aliyekuwa anamwandikia maelezo ya kukiri. Jina la askari hakulitaja. Alisema ukilijua litakuua. Shahidi ameomba jalada la kesi mara mbili, ameambiwa halionekani."

Ukurasa wa sita ulikuwa na mistari michache tu.

"Shahidi anasoma somo hili ili ajue pa kusemea. Kituoni hawezi. Darasani hawezi, maana wamo askari watano na viatu vyote vinafanana. Ameona anaweza kusemea hapa, kwa mwalimu anayejulikana magerezani kwa kutunza majina ya watu, na kwa sababu karatasi hii ina namba."

Yule mtoto hakuwa anarudi kwenye kazi yake. Alikuwa anaomba msaada mahali pekee alipodhani hatajulikana. Na yeye, Mama Jela, mlinzi wa majina mia tatu na kumi na mawili, ameifungua namba yake kwa sababu aliogopa.

"Ni askari gani?" aliuliza Bwana Muhuri. "Aliyeandika maelezo. Wewe si una kesi hiyo?"

Alikuwa nayo. Jalada la mahakama lilipotea, lakini nakala ya Mwalimu ilikuwa kabatini. Alirudi ofisini kwake anakimbia, mama wa miaka hamsini na miwili, viatu mkononi, wanafunzi wakimpisha ukumbini na kushangaa.

Maandishi yake kuhusu Fundi Saa aliyapata upesi. Ukurasa wa tisa, kwa mkono wa Mwalimu mwenyewe: "Maelezo yaliandikwa na Askari B. Mhojiwa anasema Askari B alifika nyumbani kwa marehemu kabla mtu yeyote hajaita polisi."

Askari B.

Miaka sita iliyopita alikuwa na jina mbele yake. Akalifanya herufi, kama anavyofanya siku zote, akalifungia, akajizoeza kulisahau. Ndiyo kazi yake. Anajivunia hivyo. Akiulizwa barabarani ni nani alikuwa Askari B, angeapa kwa dhati kwamba hajui, na angekuwa anasema kweli.

Alivuta mnyororo shingoni. Ufunguo ulikataa mara mbili. Orodha ya majina ilikuwa kwenye bahasha chini kabisa. Namba, herufi, majina. Alishusha kidole.

Askari A, marehemu sasa. Askari B.

Lilikuwa jina ambalo kila Jumamosi aliliita la kwanza, na sauti nzito yenye heshima ikaitika, nipo, Mwalimu wangu.

Akakumbuka yule mtu alivyorudi nyuma ukurasa mmoja akasoma mara ya pili. Akakumbuka aliuliza nani mwingine ameisoma. Wiki ya pili ya muhula aliwahi kuuliza pia kanda za wafungwa zinahifadhiwa wapi, na Mwalimu alifurahi kumpata mwanafunzi anayependa utafiti.

Bwana Muhuri alikuwa mlangoni anahema, kipande cha karatasi mkononi. Alikuwa amenakili namba ya simu ya binti kutoka kwenye rejesta, bila kuombwa, bila barua, bila kugonga chochote.

"Piga," alisema.

Simu iliita. Iliita tena. Mwalimu alikuwa anasema kimoyomoyo pokea, mwanangu, pokea. Mara ya sita ikapokelewa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Ilikuwa sauti nyembamba, tulivu. Ndiyo mara ya kwanza aliisikia.

"Uko wapi?"

"Niko kwenye gari, Mwalimu. Tunatoka mjini sasa hivi. Inspekta amekuja kunichukua hosteli." Nyuma yake injini ilikuwa inanguruma sawasawa. "Mwanzoni nilikataa kupanda, askari nawaogopa, wewe umeshasoma kwa nini. Lakini akanionyesha karatasi yangu. Nikajua ameipata kwako. Nikasema kama Mwalimu amemwamini huyu, na mimi nimwamini."

Mwalimu alishika ukingo wa meza. Shuka, alitaka kusema. Fungua mlango, ruka, piga kelele. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi.

"Subiri kidogo, Mwalimu," alisema yule binti. "Inspekta anasema niiweke kwa sauti kubwa, naye akusikie."

Kulisikika mbonyezo mmoja, na sauti ya gari ikawa pana zaidi.

"Haya, Mwalimu. Sema, tunakusikia."